Maziwa Yasiyo na Ng'ombe

Kama umewahi kusahau maharagwe ndani ya ndoo yenye maji mpaka ukayakumbuka kwa pua, basi unalijua jiko la Mama Shemasi. Kama hujawahi, sijui nikueleze vipi. Ilikuwa harufu ya majani mabichi na ya mbwa aliyenyeshewa, na chini kabisa kulikuwa na kitu kama kwapa la mtu aliyelima tangu asubuhi. Kila Ijumaa ilivuka ua ikaingia kwangu bila hodi. Nilifunga dirisha. Nilichoma majani ya mkaratusi. Siku nyingine nilisimama tu nyuma ya nyumba nikitema mate, na mimi si mtu wa kutematema.

Naandika habari zake kwa sababu nimesikia watu wakimsifu, na sifa zao nyingi ni za kweli, lakini hakuna anayetaja ile harufu. Mimi nimesoma hadi darasa la saba tu. Nikikosea mpangilio, nivumilieni. Huenda pia kuna mahali nitamwonea bila kujua, kwa hiyo nitajaribu kutenga nilichoona na nilichosikia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Alikuwa jirani yangu Kendu Bay tangu nilipoolewa huku. Kanisani kwetu, tunakosali Jumamosi, alikuwa shemasi, na kila mtu alimwita hivyo, hata mwenye duka Mwislamu wa pale stendi aliyempimia soya kwa kopo la gorogoro. Jina lake la kuzaliwa nalijua. Siliandiki, maana watoto wake wapo na haya si mambo yao. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili mwenye nyayo kubwa, mwepesi wa kutembea, na leso yake ya kichwa ilifungwa kwa nguvu mpaka nyusi zikapanda juu. Ukimtazama ungefikiri kuna habari amesikia sasa hivi.

Kazi yake kanisani ilikuwa kufundisha akina mama mambo ya afya. Alifundisha kwamba maziwa ya ng'ombe ni ya ndama, kwamba yanaziba mishipa na kuleta hasira, na kwamba Mungu alimwonyesha Adamu mbegu kabla ya kumwonyesha kitu chochote chenye kwato. "Mbegu haina kwato," alikuwa akisema, kana kwamba hapo ndipo mjadala umekwisha. Akimaliza kufundisha, alifungua jagi.

Sasa mjue mimi nimetoka Ntimaru. Ni Mkuria, na nimelelewa na ng'ombe kuliko na watu. Kwetu mgeni hupewa maziwa, mgonjwa hupewa maziwa, mtoto akianguka akaumia goti hupewa maziwa kwanza ndipo goti litazamwe. Kibuyu hufukizwa moshi mpaka maziwa yanapata harufu ambayo hata leo nikiikumbuka mate hunijaa. Kwa hiyo kusikia maji ya maharagwe yakiitwa maziwa kulinifanya nihisi kama mtu amevaa koti la marehemu baba yangu na kuanza kuitikia jina lake. Pengine ni kiburi. Sijui.

Yeye aliniita nyar Kuria, binti wa Wakuria, maana huku mke huitwa kwa kule alikotoka.

"Wewe nyar Kuria," aliniambia mara ya kwanza nilipoweka kikombe chake chini kikiwa kimejaa. "Nyinyi watu mnanyonya ng'ombe mpaka mnaota ndevu. Kunywa hiyo kitu."

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba nini? Nimekuona ukiingia na njaa."

"Nimeshiba harufu."

Wanawake walicheka. Yeye hakucheka, lakini hakukasirika pia. Alichukua kikombe changu akakinywa chote hapo hapo, taratibu, akinitazama, kisha akalamba mdomo wa juu. Ilibidi nitoke nje.

Namna alivyoyatengeneza niliijua kabla sijataka kuijua, kwa sababu jiko lake lilikuwa nje, mbele ya macho yangu. Alhamisi jioni aliloweka soya kwenye ndoo. Ijumaa asubuhi juu ya maji kulikuwa na povu, kama mate ya mtu aliyelala mdomo wazi. Alitia mikono akazisugua mbegu mpaka maganda yakatoka, yakaelea kama kucha zilizokatwa. Zamani alitwanga kwa kinu. Baadaye mwanawe wa Migori alimletea blenda, nayo ikawa inalia asubuhi nzima kama mbuzi anayekabwa.

Halafu kuchuja. Hapa naomba nisionekane mchongezi, maana kila mtu alikijua kile kitambaa. Kilikuwa mkono wa kanzu ya ubatizo. Sisi hubatizwa kwa kuzamishwa ziwani, na kanisa lina kanzu nyeupe ambazo watu huvaa wakiingia majini. Zikichakaa, mashemasi hugawana. Yeye alikata mkono mmoja, akaushona upande wa chini ukawa mfuko, na humo ndimo soya ya kanisa zima ilimopita. Niliwaza miguu na vifua vya watu wote walioingia ziwani na ile nguo, na matope, na chochote mtu anachoacha majini akitubu.

Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya, mcheshi sana, aliyemuuliza mbele ya watu, "Mama Shemasi, hii soya imetubu?"

"Imetubu kuliko wewe."

Haki yake ni hii: ule mfuko aliuchemsha kila mara, akauanika juani, ukawa mweupe kuliko shuka zangu. Na kabla ya kukamua alinawa kwa sabuni ya kipande mpaka kwenye viwiko. Hayo nimeyaona. Lakini pia nimeona alivyokamua, akiusokota mfuko kama shingo ya kuku, na ule uji wa kijivu ukimtiririkia mikononi, ukafika kwenye kiwiko, na kutoka kwenye kiwiko ukadondoka ndani ya sufuria. Ikichemka, utando ulijikunja juu. Aliuokota kwa vidole viwili, akainua uso juu, akauteremsha kooni. "Hii ndiyo nyama yangu," alisema.

Makapi yaliyobaki kwenye mfuko hakuyatupa. Aliyatia kwenye chapati, kwenye mandazi, kwenye mboga. Kwenye matanga ya jirani mmoja nilikuta chembechembe zake ndani ya mchuzi wa samaki, nikadhani ni magamba.

Na hakuishia kwenye soya. Ya njugu nakubali yalinyweka, ukiweza kusahau ile rangi ya jeraha linalopona. Ya simsim yalifunika ulimi kama chokaa. Mara moja alijaribu mtama, na sitaki kusema yalifanana na nini, ila mtoto yeyote mwenye mafua angeyatambua. Hayo aliyamwaga mwenyewe. "Mungu hakukusudia," akasema, akasuuza sufuria.

Usifikiri alikuwa mtu wa huzuni. Alipenda vita vidogo. Alibishana na wauza samaki wa stendi kuhusu omena wenye mchanga, akishinda aliimba njia nzima kurudi nyumbani. Mbwa walimwogopa. Watoto walimpenda, walimwita Dani, yaani nyanya, ingawa kila alipowapa kikombe walikimbia nacho nyuma ya choo na kurudi wakijifuta midomo mikavu. Chai yenye majani hakuinywa kwa sababu ya imani, lakini nikipika chai yangu alikuja na kiti chake akaketi upande ule mvuke unakoelekea. "Sinywi," alisema. "Nimekaa tu." Ukimwambia soya yake haina ladha, alijibu, "Ulimi ni mtoto. Ukiuuliza unataka nini, utakuambia sukari."

Na alikuwa na ng'ombe. Hilo ndilo jambo lililonishinda zaidi. Ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe moja iliyovunjika, mzuri, aliyekamuliwa asubuhi na jioni. Maziwa yake aliyauza kwa mahoteli ya stendi. Nilimuuliza siku moja, kwa heshima, inakuwaje awauzie watu kitu ambacho Jumamosi anasema kinaziba mishipa.

"Ng'ombe ni wa karo," akasema. "Soya ni ya roho."

"Na mishipa ya wale wa hoteli?"

"Wale si walinunua wenyewe? Yawa, nyar Kuria, wewe utauliza maswali mpaka mbinguni wafunge mlango."

Niliona ni unafiki. Baadaye nilifikiri kwamba wanawe watatu walisoma kwa yule ng'ombe na baba yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo labda si vizuri mimi, niliyekuwa na mume, kumpimia. Lakini nilipomwona Jumamosi amesimama na jagi lake, bado niliona ni unafiki. Nimeacha kuchagua.

Mtoto wangu wa mwisho ni Atieno. Nilipomwachisha kunyonya nilimpa maziwa ya ng'ombe, kama mama yangu alivyonipa mimi, nikayanunua kwa Mama Shemasi mwenyewe. Akatapika. Nikapunguza, nikachanganya na uji. Ngozi ikamtoka vipele mpaka nyuma ya magoti, choo kikawa na damu kama nyuzi, mbavu zikaonekana. Mama mkwe alisema ni macho ya watu. Mimi nilisema ni meno. Mwishowe tukampeleka Homa Bay, na daktari akatueleza kwamba mwili wa mtoto huyu unapigana na maziwa ya ng'ombe. Hata kijiko asipewe. Ya mbuzi pia hapana. Apewe mayai, samaki, maharagwe.

"Na kama mnaweza kupata soya," akasema, "itamsaidia kuongeza kilo."

Mume wangu alinitazama. Nilijua anachofikiria, na yeye alijua ninachofikiria.

Nilikwenda kwa Mama Shemasi jioni ile ile. Nilijua atafurahi na nilijiandaa. Alifurahi kweli, alipiga makofi na kusema Mungu ana njia zake, lakini alipomwona mtoto mgongoni mwangu akaacha makofi, akamshika mguu, akaupima kwa vidole vyake. Kidole gumba na cha shahada vilikutana na kupitana.

"Kesho uje nikufundishe."

Nilikwenda. Nilidumu mpaka kwenye kusugua maganda. Povu liliponipanda kwenye viganja, nikatapika kando ya banda lake la kuku. Nilijaribu tena wiki iliyofuata ikawa vile vile. Sikuwa najidekeza, nadhani. Nilijikaza mpaka machozi.

"Wacha," akaniambia. "Wewe utatapika ndani ya chakula cha mtoto. Nitakuwa namtengenezea mimi. Lete kopo tu."

Nikampelekea kopo lenye kifuniko cha bluu. Kila asubuhi nililichukua likiwa la moto. Hakutaka hata nimlipe mbegu. Naomba mtu akisoma yanayofuata asisahau sentensi hiyo.

Atieno aliyachukia kama mimi. Aliyatema. Nilimbana kwa goti nikampa kwa kijiko, analia, nalia. Hata hivyo vipele vilianza kukauka na choo kikawa safi, na mimi nikaanza kupata usingizi. Mama Shemasi alikuwa akija kumtazama akinywa. Kila mtoto alipotema, uso wa yule mama ulianguka. "Hapendi," alisema. "Hata huyu hapendi."

"Atazoea, Mama."

"Watu hawazoei. Wanamwaga. Unafikiri mimi sioni nyuma ya choo?"

Kisha ikawa kama muujiza. Asubuhi moja Atieno alionja, akatulia, akashika kikombe kwa mikono miwili na kumaliza. Kesho yake vivyo hivyo. Mama Shemasi alicheza, wallahi alicheza, na zile nyayo zake. Jumamosi alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba mtoto wa wafugaji ameikubali mbegu. Watu wakasema amina. Mimi pia nilisema amina, kwa sauti.

Vipele vikarudi, kwanza shingoni, halafu magotini. Halafu ile damu.

Homa Bay, sista mmoja wa hospitali alimweka Atieno kwenye mizani na kutikisa kichwa.

"Mama, unampa nini?"

"Soya, sista. Na ugali, na omena, na yai."

"Na maziwa?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Kwenye chai? Kwenye uji?"

"Hapana, sista."

"Wewe ni wa wapi?"

"Naishi Kendu Bay."

"Kwenu. Nauliza kwenu."

"Ntimaru."

"Aah. Kuria." Akaacha kuandika. Hakuwa mkali, hilo lazima niseme, alikuwa na upole wa mtu aliyeona mengi. "Mama, najua ni vigumu. Mmekula hivyo tangu zamani. Lakini mtoto akiletwa tena akiwa hivi, tutamlaza hapa na tutamlisha sisi wenyewe, bila wewe. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Alifikiri ninadanganya, ninamnywesha mtoto wangu maziwa kisirisiri kwa sababu ya kabila langu. Nilishuka zile ngazi nikiwa nimembeba Atieno, na nilihisi kila mtu kwenye foleni amesikia. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na namna ya kumthibitishia. Nikaanza hata kujishuku. Labda nilimpa mahali nikasahau. Labda jirani. Labda mume.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijaenda kuchukua kopo, Atieno alikunywa nusu ya kikombe cha soya iliyobaki jana akalala. Nilikichukua nikamwage. Sijui kwa nini nilikipeleka mdomoni. Soya yake nilikuwa nimewahi kuionja mara moja tu, nimeziba pua, na sikumeza.

Nilimeza. Ilikuwa tamu.

Nilisimama pale nikameza tena, ulimi ukafurahi, na kwa sekunde moja nilikuwa Ntimaru nimeketi karibu na mama yangu. Kisha nikakiangalia kikombe. Soya ya Mama Shemasi haikuwahi kuwa tamu. Nilikimbia kwake na kikombe mkononi.

Alikuwa jikoni. Kopo la bluu, nililolirudisha jana yake, lilikuwa wazi, limejaa robo tatu, la kijivu. Kando yake palikuwa na kikombe cha bati kilichotoka kwa yule ng'ombe, bado kina povu la kukamuliwa.

"Mama, hii ni ya nani?"

"Si ni ya Atieno."

"Na hiyo nyingine?"

Alifunika kikombe cha bati kwa kiganja, kama mtoto.

"Ni kidogo tu, nyar Kuria. Ya kulainisha."

"Ni ya ng'ombe."

"Kidogo! Haifiki hata hapa." Akaonyesha kwa ukucha.

"Tangu lini?"

"Tangu aliponitemea."

"Daktari alisema hata kijiko. Nilikuambia mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama hapo. Hata kijiko!"

"Madaktari wanasema vitu. Nani amewahi kusikia mtoto anashindwa na maziwa ya ng'ombe? Tena mtoto wa Mkuria?"

"Wewe si unasema ng'ombe ni sumu? Kila Jumamosi!"

"Hiyo ni ya kanisani!"

Akalisikia neno lake mwenyewe. Aliketi kwenye kile kigoda. Blenda ilikuwa bado inalia na hakuna aliyeizima.

Nililichukua kopo nikamwaga chini. Kuku wakaja. Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika, nusu kwa Kikuria, na nafurahi kwamba nusu hiyo hakuielewa. Miaka yote ile ya povu na kiwiko na utando nilidhani najua kinyaa ni nini. Nilimtazama akiwa ameketi, mikono yake safi ya sabuni magotini, na sikuweza hata kumkaribia.

Alinyanyuka akafungua leso ya kichwa, akaifunga upya.

"Twende hospitali," akasema.

"Wewe ubaki."

"Watasema ni wewe. Twende."

Njiani, bila kuulizwa, aliniambia kwamba hata jagi la kanisa lilikuwa na ng'ombe ndani, siku nyingi, tangu watu walipoanza kumwaga. "Nilitaka mtu mmoja aseme ni tamu," akasema. Wenzangu wa kanisani mnaosoma hapa, ndiyo sababu mlianza kuyamaliza.

Kwa sista alisimama mbele yangu. Alikuwa mfupi kuliko meza ya mapokezi, ilibidi ashike ukingo.

"Mimi ndiye niliyetia maziwa ya ng'ombe. Huyu mama hakujua."

Sista alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Kwa nini, Mama?"

"Nilitaka apende."

Jumamosi alisimama tena kanisani akasema alikosea katika ule ushuhuda wa mtoto, na kwamba mtoto ameumia kwa mkono wake. Ya jagi hakusema. Mtu hawezi kuvua nguo zote siku moja, labda. Alirudisha ile kazi ya kufundisha afya, ikapewa mama mwingine ambaye hutuletea maji ya ndimu.

Na mimi nikajifunza. Nilifunga leso puani, nikaweka matone ya mafuta ya mkaratusi ndani yake, nikasugua yale maganda. Nilitapika siku tatu za kwanza, kisha nikawa nachefukwa tu, na kuchefukwa hakujaniacha hadi leo. Kitambaa nilinunua kipya. Mara nyingine, povu likipanda kwenye sufuria, nilisikia sauti ng'ambo ya ua: "Usifunike! Itamwagika!" Sikuitikia. Lakini nilifunua.

Atieno alinenepa. Sasa yuko shule na anakimbia kuliko kaka zake. Maziwa ya ng'ombe bado tumekatazwa.

Mama Shemasi macho yakamwisha, mwanawe akamchukua Migori, na ng'ombe akauzwa. Miezi michache iliyopita nilikuwa nampeleka Atieno Ntimaru kwa mama yangu, na kwa kuwa gari tulibadilisha Migori, nilijiambia tutapita dakika kumi, nikawapigia simu siku mbili kabla. Sikuwa nimemsamehe, wala sikuwa bado nimekasirika. Nilitaka tu amwone mtoto.

Mkaza mwana alitufungulia mlango akiwa amechoka. "Tangu aliposikia mnakuja hatulii, leo ameamka alfajiri," akaniambia. "Ameloweka vitu vyake, ameniharibia blenda, nyumba yote inanuka. Friji imejaa maziwa mazuri ya pakiti, hataki hata kuyaona."

Nilikuwa nimeshaisikia ile harufu langoni. Ilikuwa imeingia kwenye makochi.

Mama Shemasi aliketi karibu na dirisha. Alikuwa amekonda, leso ikiwa imefungwa kwa nguvu ile ile. Alimwita Atieno, akamshika mguu, akaupima kwa vidole. Havikukutana. Akacheka bila sauti.

"Kimbia jikoni, nyathina, mtoto wangu. Kuna kikombe nimekifunika. Usimwage."

Atieno akarudi nacho, kimejaa, akakishika kwa mikono miwili akiinua kinywani. Nikasema, "Ngoja." Ilitoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Mkaza mwana alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo.

Mama Shemasi hakunigeukia. Alikuwa anatazama dirisha, na sidhani alikuwa anaona kitu.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Nikachukua kikombe. Nilikunywa bila kuziba pua, nikakaa nayo mdomoni. Ilikuwa majani mabichi na mbwa aliyenyeshewa, na lile kwapa, na chembe za makapi zilizopita kwenye mfuko, na utando ulionigandia kwenye kaakaa. Nikameza. Nilitafuta chini kabisa, kwa ulimi wa mtoto wa Ntimaru, utamu wowote, hata wa kijiko.

Nikampa Atieno kikombe.